Kimeo cha Kaze

Kinyaa ninacho tangu utotoni. Nzi akitua kwenye chai yangu, namwaga yote na kikombe nakisugua kwa majivu. Sasa sikia nilichokiona Kabuga, ukweni, ng'ambo ya mpaka.

Tulitoka Dodoma, mimi na mume wangu Silvère, kumpeleka binti yetu Kaze akamwone bibi yake. Ana miaka mitatu. Safari ndefu, vumbi likamshika kifua, tukafika mtoto anakohoa kama mzee wa tumbaku. Nikasema twende kliniki.

Mama mkwe, Gahongayire, alikulia ukimbizini Karagwe. Kiswahili anakisema anavyotaka yeye.

"Kliniki ya nini, Mama Kaze? Hii iko kimeo. Imerefuka, inamtekenya koo. Inakatwa, inaisha."

Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Hata kwetu wapo wanaokata, sikatai. Lakini kwa mwanangu mimi, thubutu.

Chai haijapoa, mkataji huyo mlangoni. Habiyaremye, kucha ndefu, nyeusi tititi. Akafungua kitambaa kilichowahi kuwa cheupe, ndani mkawa na waya uliopindwa kama ndoano na kijisu chenye kitu cha kahawia kimegandia. Akakitemea mate, akakifuta kwenye suruali. Kisha, ili nimwamini, akatoa chupa ya jemu. Ndani vinyama vya makoo ya watoto wa watu, vimesinyaa, vinaelea kwenye maji ya chumvi. Ptuu, hata kusimulia mate yananijaa. Nikamwambia akusanye uchafu wake aondoke kabla sijamtapikia.

Mama mkwe akafyonza. "Mke wa Tanzania anajua sana."

Silvère alikuwa anakunywa chai. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Mimi nikajua yuko upande wangu.

Kesho yake nikatoka kwenda kutafuta dawa ya kikohozi na maji ya chupa. Niliporudi, Kaze alikuwa amepakatwa na bibi yake, amebadilishwa gauni, kimya.

"Unaona?" mama mkwe akasema. "Kikohozi kimeisha."

Mtoto hamezi mate. Udenda unamtoka pembeni ya mdomo, mwekundu. Nikamsogelea, kinywa kinanuka damu na majani mabichi yaliyotwangwa.

"Alianguka akajing'ata ulimi," Silvère akasema.

Nikamwamini, mjinga mimi. Lakini jioni mwili ukamchemka, na alipovuta pumzi nikasikia mkoromo. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikambeba mpaka barabarani kutafuta gari, Silvère akaja nyuma yetu.

Kliniki tulipokewa na daktari mwanamke, Mutesi. Akammulika mtoto kooni, akammulika tena.

"Huyu amekatwa kimeo," akasema. "Kwa chuma kichafu. Kidonda kimeingia vijidudu na koo linavimba. Mngelala naye nyumbani, asubuhi asingekuwa anapumua."

Nikampakata mwanangu. Daktari akamchoma sindano, akamwekea dripu, akasema hatalala kwingine ila hapo, wamwangalie pumzi yake. Halafu akauliza, "Nani alimshika? Mtoto wa umri huu hakatwi mpaka ashikwe kwa nguvu na kupanuliwa mdomo."

Nikamwambia ni bibi yake, maana kwa yule mama ningeamini lolote. Nilimlaani palepale, na sijutii.

Silvère akasimama. "Umechoka, Mama Kaze. Nipe nimshike kidogo," akasema, akanyoosha mikono.

Kaze akajikunja wote. Alifungua mdomo alie, sauti haikutoka. Akanikaba shingo mpaka dripu ikataka kuchomoka.

Nikaitazama ile mikono. Kwenye kidole cha shahada, cha mkono wa kulia, palikuwa na alama za meno. Ndogondogo, zimezunguka kidole, na damu imegandia ndani yake.