Mwiko Katika Mlango wa Oveni

Sikutambua kwamba nilikuwa nimeufunga mlango wa oveni. Kanuni ya kukausha matunda nyumbani naijua vizuri: moto mdogo, saa nyingi, na mlango uachwe wazi kiasi cha upana wa mwiko ili mvuke upate pa kutokea. Nilipanga vipande vya peasi kwenye trei mbili, nikawasha moto wa chini kabisa, nikafunga mlango, nikaenda kulala. Mwiko wenyewe nilikuwa nimeuloweka ndani ya sufuria ya ugali.

Mapeasi yalitoka kwa dada yangu Hidaya, anayeishi na mama huko Lushoto. Ndani ya boksi aliweka karatasi: "Mdogo wangu, mama ameanza kupoteza majina. Juzi aliniita Shangazi. Njoo kabla hajafika kwenye lako. Na usijikaushe."

Siku tisa zilipita bila mimi kujibu. Niliogopa kufika nyumbani na kuulizwa mimi ni nani. Mapeasi yalipoanza kulainika niliyakata, kwa kuwa matunda yanaweza kuahirishwa.

Usiku wa jana niliota kwamba nimelala kwenye trei ya juu, kati ya vipande viwili, nikiwa nimevaa koti langu la kufundishia. Unene wangu ni milimita tano, sawa na wenzangu. Hilo halikunishangaza. Lililonisumbua ni kutojua nani kati yetu ni mkubwa.

"Huamkii?" kikauliza kipande cha kulia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe umekatwa saa ngapi?"

"Sikumbuki."

"Mimi saa kumi na mbili na robo. Huyo wa kushoto kwako amekatwa dakika tano baadaye, na bado anajifanya mzee. Hebu sogea. Tukigusana hatukauki."

"Najifanya nini?" kikauliza cha kushoto. "Mimi nimetoka ubavu uliopigwa na jua. Kuna watu hapa wametoka kivulini na wanapenda sana kuamkiwa."

Joto ni digrii sitini. Mvuke umejaa hadi juu, na matone yanaanguka kutoka darini yakitulowesha upya. Hakuna anayekauka.

"Tunapikwa kwa jasho letu wenyewe," kikasema cha kulia. "Mlango umefungwa. Nani aliyeufunga?"

Nikajikausha, kwa ile maana nyingine ya neno: nilijifanya sikusikia.

"Aha," kikasema. "Kumbe wewe ndiye mwalimu wa sarufi."

Trei sasa ni darasa. Vipande vimeketi katika safu nne, kila kimoja mbali na jirani yake kama kwenye mtihani. Mimi nimesimama mbele ya ubao, na chaki yangu imelowa.

"Nyambua kitenzi kauka," kikaagiza kipande cha safu ya nyuma.

"Kauka, kaukia, kausha, kaushwa, jikausha."

"Fafanua hilo la mwisho."

"Mtenda na mtendwa ni mtu mmoja."

"Na hawa wanaolowa kwa sababu yake?"

"Sentensi haiwataji."

Darasa zima likaandika jibu hilo, pamoja na tarehe.

Pakabishwa hodi.

"Karibu," nikasema, lakini mlango haukufunguka.

"Karibu peke yake haitoshi," ikasema sauti ya nje. "Mlango huu hufunguliwa kwa pumzi. Toa hiyo uliyoizuia."

Vipande viliacha kuandika. "Naogopa," nikasema, "kwamba mama amenisahau."

Maneno yalinitoka kama mvuke wa birika. Mlango ukaachia kidogo, na aliyebisha hodi akajipenyeza, akasimama pale pale katikati.

"Mimi ni Mwiko," akasema. "Kufunga mlango huu pia ni mwiko. Tunachangia jina, watu wasituchanganye."

"Umelowa."

"Uliniacha sufuriani na ukoko wa ugali. Sijalalamika."

Kupitia upenyo ule naona jiko la mama, kule Lushoto. Mama ameketi kwenye kigoda, trei yetu iko mapajani mwake. Anachukua kipande kimoja kimoja na kukikunja, kwa maana ndicho kipimo: kinachovunjika kimekauka kupita kiasi, kinachotoa maji bado.

Ananichukua mimi. Ananikunja mgongo, taratibu. Sivunjiki. Tone moja linanitoka jichoni na kuanguka kwenye kanga yake.

"Huyu bado," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Swali lilikuwa lile lile nililolikimbia. Nikajikaza. "Mimi ni Mbaruku, mhadhiri wa idara ya..."

"Sikukuuliza jina. Majina siku hizi yananipitia tu kama wageni wa arusi, wanakula wanakwenda zao. Nimekuuliza, wewe ni wa nani?"

"Wako, mama."

"Basi."

Akanirudisha kwenye trei, upande wa mlangoni. "Kaa hapo penye hewa," akasema. Kisha akageuka. "Hidaya, mpe huyu chai. Amesimama nje siku tisa."

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi. Ninaishi peke yangu, na komeo la mlango wa mbele lilikuwa kama nilivyoliacha. Jikoni, sufuria ya ugali ilikuwa na maji yake, lakini haikuwa na mwiko. Mwiko ulikuwa umebanwa katika mlango wa oveni, ukiuacha wazi kwa upana wake. Nilipoushika ulikuwa mkavu. Nilikunja kipande kimoja cha peasi. Hakikuvunjika, wala hakikutoa maji.

Nikampigia dada Hidaya kabla ya kunywa chai.

"Kumbe upo," akasema.

"Nipo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Tulidhani chuo kimekuhamishia mwezini."

"Nilijikausha."

"Si nilikuandikia usifanye hivyo? Wewe na usomi wako ukadhani nazungumzia mapeasi."

"Mama akiniuliza mimi ni nani?"

"Atakuuliza. Jana kaniuliza mara tatu. Nimemjibu mara tatu, tukanywa chai mara tatu. Unakuja au huji?"

Nikamwambia nakuja. Basi linaondoka saa mbili na nusu. Vipande nimevitia kwenye chupa ya kioo, oveni nimeizima, na leo ninakwenda kwa mama.