Jumatatu Mbili za Josphat

Shemeji yangu Musili ana adabu nyingi, na ni adabu hiyo iliyotaka kunimaliza.

Alifika kwangu Mitaboni Jumanne moja asubuhi, amevaa koti la marehemu mume wangu. Koti ni lake kwa haki. Siku tulipogawa nguo za Josphat, miaka miwili iliyopita, wazee walimpa yeye kama ndugu anayemfuata, na mimi mwenyewe ndiye niliyemvalisha. Ila kila akija nalo huwa namtazama miguu kwanza, kisha uso, ili nipate muda wa kuyazoea yale mabega.

"Mama Winfred," akasema kabla hata hajakaa, "fundi alikuwa anashona bitana ya hii koti, akapata kitu ndani."

Akafungua kiganja. Ilikuwa flashi ndogo nyeusi, imefungwa uzi mwekundu wa kufumia vyondo, vikapu vyetu. Uzi huo niliufunga mimi, ili Josphat asiipoteze.

Josphat alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja kule Mavoko, miaka ishirini na sita. Alikuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Jumatatu nyumba ilinukia sabuni yake na mwenyewe hayuko, nami nilishinda na hasira siku nzima. Hata kuku walijua wakae mbali. Aliponunua kompyuta, akabuni dawa ya hasira hizo. Kila Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, alijirekodi kule stoo, akaweka kwenye flashi, akaja nayo. Jumamosi aliihamishia kwenye kompyuta na kunikataza kuifungua mpaka Jumatatu. Faili lilikuwa na jina moja siku zote, Jumatatu. Kompyuta ikimwuliza kama afute lile la zamani aweke jipya, yeye alibonyeza ndiyo. Nililalamika sana.

"Ya nini kuweka maneno yaliyochacha?" alinijibu. "Wiki ijayo nitakuletea mengine."

Moyo wake ulisimama Ijumaa jioni, hapo kiwandani, akiwa ameshavaa koti la kuja nyumbani. Mtu aliyenitolea maneno kila wiki kwa miaka minane akaniachia faili moja tu, la wiki iliyotangulia. Ni la dakika nne, linahusu mtaro wa maji na mbuzi wa jirani. Nimelisikiliza kila Jumatatu tangu tumzike. Najua hata pale anapokohoa, nami hukohoa naye.

Sasa ndani ya ile flashi kulikuwa na Jumatatu nyingine, ile ambayo hakufika nayo. Nilishika kiti nikaketi.

"Na sikukurudishia ikiwa tupu," Musili akaongeza, anatabasamu kama mtu aliyefanya jambo.

Kwetu kyondo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa maharagwe, utarudisha kyondo na viazi, hata viwili. Basi Musili, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, alikuwa ameipeleka flashi Kathiani kwa wale wanaouza filamu, wakamjazia nyimbo arobaini za kwaya kwa heshima yangu. Nilimshukuru na kumpa chai. Nilitaka aende ili niifungue, lakini akanywa vikombe vitatu.

Alipoondoka nilichomeka flashi. Pale kwenye kona ya skrini kulikuwa na plasta niliyoibandika mwenyewe. Chini yake kuna ilani nyekundu iliyoanza kutokea wiki ile ile ya msiba, kwamba antivirusi imeisha muda, ichaguliwe nyingine au ilipiwe. Nilimwambia Josphat kwa simu siku ya Jumatano kwamba mashine yake inalia. Akasema niiache, atakuja. Hakuja, na mimi sikuwa na moyo wa kuisoma kila siku, nikaifunika kama kidonda.

Nikaliona jina, Jumatatu. Nilibonyeza mara mbili. Kidirisha cheusi kikapepesa, kikatoweka. Nikabonyeza tena. Hakuna sauti. Kila kitu ndani ya flashi kilikuwa kimegeuka picha ya namna moja yenye kamshale kadogo pembeni, hata nyimbo za Musili. Nikaichomoa.

Kesho yake nilikuwa Machakos mjini kwa Mike, mwanamume mwenye ndevu na saiba, duka la intaneti, karibu na soko. Aliichomeka kwenye mashine yake, akacheka.

"Mathe, hii imejaa virus. Hao wa kuuza movie flash zao zinapita kwa mashine ya kila mtu. Nikuformatie? Ni dakika moja tu."

"Ukishaformat, kinabaki nini?"

"Flash. Safi, kama mpya."

Nilimnyang'anya. Ningekuwa na umri wake ningemzaba kofi. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikaa kwenye bitana miaka miwili kikingoja kwanza kitiwe nyimbo.

"Basi niko na antivirus kali," Mike akasema, amenirudia kwa upole. "Haina malipo. Ikiona kitu haijui, inaua hapo hapo. Haikusumbui na maswali."

Niliichukua kwenye diski, maana kukataa msaada wa mtu ni utovu wa adabu. Binti yangu Winfred, anayefanya kazi Syokimau, akanipigia kusema nisiguse kitu, ataninunulia ya kulipia kwa mwaka. Katibu wa kanisa akaniletea ya tatu kwenye diski iliyofungwa kwa gazeti. Ya Winfred nikaingoja, zile mbili nikazipanga kando ya kompyuta pamoja na Biblia.

"Mchagua nazi hupata koroma," Musili akanionya. Sijui nazi alizionea wapi huku Mitaboni.

Lakini mimi ni wa kuchagua. Tulipokuwa tunaajiri mlinzi wa kahawa ya chama, tulimkataa mmoja aliyesifiwa kwa upinde, kwa sababu alikuwa mwepesi wa mkono. Angemchoma mtoto wa mtu mshale halafu ndipo aulize ni wa nani. Kwa hiyo nilichukua daftari, nikawauliza wote watatu swali moja: huyu wako akikuta kitu asichokijua, anaua au anauliza? Wa Mike alikuwa muuaji. Katibu hakujua. Winfred naye akanijibu kwa swali, akiniita mama kwa Kikamba chetu.

"Mwaitu," akasema, "ni nini iko ndani ya hiyo flash?"

Nikamwambia. Nilisikia anavuta pumzi kama alivyofanya siku ya kaburi.

"Usiweke yoyote. Jumamosi nakuja."

Sikuweza kulala vizuri wiki ile. Siwezi kusema uongo: nilimtamani mume wangu kama msichana. Nilitamani sauti nisiyoijua mwisho wake. Ile ya mtaro na mbuzi haikunishangaza tena, na mtu asiyekushangaza tena ndipo unajua kweli ameenda. Katika flashi ile kulikuwa na dakika chache ambazo Josphat alikuwa bado hajanimalizia, na kubonyeza mahali pabaya kungezifuta.

Winfred alifika Jumamosi saa nne, akavua viatu, akabandua plasta yangu bila kuniuliza. Ana hasira zangu.

"Hizi zote zinafanya kazi moja. Na unajua kompyuta iko na yake? Imekuwa hapa tangu Baba ainunue. Alipoweka hii ya kulipia iliyoisha muda, ile ikanyamaza. Mbili haziwezi kaa pamoja, zinashikana."

"Kama wake wenza."

"Mwaitu!"

"Huyo aliyenyamaza, anauliza au anaua?"

"Anaweka kando kwanza. Anafungia hicho kitu, halafu wewe unaamua kitoke ama kirudi."

"Basi ni huyo," nikasema. Alikuwa ndani ya nyumba muda wote, na sisi tunazunguka soko.

Lakini ili aamke, ilibidi ile ya Josphat iondolewe. Winfred alifika kwenye kitufe cha kuondoa, kisha akanisogezea kipanya na kutazama nje dirishani, kule kwa kuku. Ile ilani nyekundu ndiyo iliyokuwa mazungumzo yetu ya mwisho na Josphat. Watu wengine huagana kwa maneno ya maana. Sisi tuliagana na antivirusi. Nikabonyeza.

Winfred akatumia bando ya simu yake kuiongezea nguvu ile ya zamani, kisha akachomeka flashi na kuiambia ipekue. Ilipekua taratibu, nami nikasimama nyuma yake nimeshika kiti. Ikatuletea orodha ya vitu ilivyovikamata, ikauliza vifanywe nini. Nikavisoma kimoja kimoja. Cha nne kiliitwa Jumatatu.

"Hapana," nikasema. "Hapana, Winfred. Kirudishe."

"Mwaitu, hiyo si yenyewe. Ni kirusi kimevaa jina lake. Ndiyo kile ulibonyeza na hakikuongea."

"Una hakika?"

"Karibu."

Karibu! Nilimkumbuka Musili anavyoingia uani na lile koti, na jinsi moyo wangu hudanganyika kila mara kabla sijaona uso. Kitu kinaweza kuwa na mabega ya mtu na kisiwe yeye. Nikamwambia akiondoe.

Akakiondoa. Flashi ikafunguka, nyeupe, haina kitu. Hata wimbo mmoja.

Sikulia. Nilikwenda jikoni nikaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Nilimchukia Musili na adabu zake, nikamchukia Josphat kwa kubana nafasi kana kwamba maneno ni mahindi ya kujaza ghala, nikajichukia mimi kwa kujifanya najua kuchagua.

"Mwaitu, njoo," Winfred akaita. "Iko empty lakini inasema imejaa. Hii kirusi haikufuta. Ilificha."

Akaweka alama kwenye kisanduku kinachoruhusu kuona vilivyofichwa. Vikatokea kimoja kimoja, vimefifia rangi, nyimbo arobaini za kwaya, na juu yake Jumatatu. Winfred alitaka kutoka aniachie. Nikamshika mkono, akakaa.

Josphat alianza kwa Kikamba kama kawaida yake, kwa jina alilonipa yeye, halafu akaingia kwenye Kiswahili chake cha kiwandani. Nyuma yake mtu alikuwa akiburuta gunia.

"Mwelu. Leo ni Jumatatu, mimi niko kazini na wewe umekasirika. Asante kwa muthokoi ya Jumamosi, nilikula mpaka nikaona aibu. Na jana kanisani ulipendeza na hiyo leso ya kijani, niliona yule mzee wa kwaya akikuangalia, mwambie nimemwona. Pole sikurekebisha mlango ya kuku. Tuliongea sana mpaka jua likazama, si unajijua. Hata hiyo antivirus hatukuchagua. Sasa usikubali mtu akuwekee yake. Ni mashine yetu. Ngoja nije Jumamosi, tukae chini, tuchague pamoja."

Kisha akakohoa, mahali pengine kabisa, kikohozi nisichokuwa nacho, na ikaisha.

Alikuwa amezoea hivyo, kurekodi Ijumaa na kujifanya ni Jumatatu, akikisia wikendi tutakayokuwa nayo. Na alikisia sawa. Muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, niliupika. Nilikuwa nimeulowesha tangu Ijumaa asubuhi, na waliokuja kutupa pole ndio walioula. Leso ya kijani nilikuwa nimeipiga pasi. Wikendi hiyo ipo, yote, na mlango wa kuku haukurekebishwa. Ni sisi tu hatukuwa ndani yake.

"Umeshachagua bila yeye," Winfred akasema.

"Nimechagua iliyokuwa yetu," nikamwambia. "Angebisha saa nzima halafu achague hiyo hiyo."

Nilitaka faili hilo liwe langu, si kwenye flashi ya kupotea kwenye makoti. Winfred akanionyesha namna ya kulivuta mpaka kwenye kompyuta, nami nikalivuta mwenyewe. Kompyuta ikasimama, ikauliza swali ambalo kwa miaka minane alilijibu yeye: kuna faili jingine lenye jina hili hili, ubadilishe?

Nikasoma majibu yote mpaka la mwisho, nikabonyeza lile la kuweka yote mawili.