Mashada ya Namba Tano

Mume wangu Chunbae alininunia karibu wiki nzima kwa sababu nilisema namba tano ameisha. Nilisema hivyo kibandani kwa Yangpil, pale tunapokula kuku wa kukaanga na bia baada ya mechi, mbele ya mashabiki wote wa timu yetu ya Mukcheon walioweza kuenea mle ndani. Sikusema kwa ubaya. Mimi ni muuza maua, na macho yangu yamezoea kuona ua lililoanza kulegea shingo hata kama rangi bado inawaka.

"Dochan ana miaka thelathini na sita," nilisema. "Leo yule mtoto wa Cheongha kampita anavyotaka. Mwishoni hata hakukimbia, alimpita anatembea kama mtu anayekwenda dukani."

"Mama Eunsol, kula kuku wako," Yangpil akaniambia huku akiongeza figili ya siki mezani.

"Nakula na nasema. Mdomo ni wangu."

"Dochan anausoma mchezo," Chunbae akasema kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya hatari. "Beki anayeusoma mchezo hahitaji mbio. Mbio ni za watoto."

"Anausoma, sikatai. Shida ni kwamba akifika ukurasa wa mwisho, mpira uko wavuni."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Chunbae hakucheka. Aliweka bilauri chini, akajifunga skafu ya timu shingoni, akaondoka. Mimi nikabaki kummalizia kuku wake, maana kuku wa Yangpil hatupwi.

Lazima niseme Dochan ni nani kwa mume wangu, la sivyo mtamwona mtu mzima asiye na akili. Miaka kumi iliyopita kiwanda cha saruji kilipunguza watu, na Chunbae akawa mmoja wao. Msimu uleule timu moja kubwa ya mji mkuu ilimwacha beki wake kijana, Gwak Dochan, naye akashukia kwetu, ligi daraja la pili, kwenye timu ambayo wapinzani waliiita Ngisi kwa kejeli nasi tukalipokea jina kwa mikono miwili. Chunbae hakuwa na pa kwenda asubuhi, akawa anakwenda kuangalia mazoezi. Siku ya kwanza Dochan alimkuta amesimama peke yake kwenye uzio, mvua inamnyeshea, akamuuliza, "Kaka, huendi kazini?" Chunbae akamjibu, "Nimeachwa, kama wewe." Wakacheka wote wawili. Tangu hapo wakawa kaka na mdogo mtu.

Baadaye Chunbae alikuja kunisaidia dukani, ikagundulika ana mwandiko mzuri wa brashi, na mpaka leo ndiye anayeandika tepe za mashada yangu. Lakini mimi nalala naye kitanda kimoja, najua. Aliyemwamsha asubuhi miezi ile si mimi wala maua yangu. Ni namba tano.

Basi Jumatatu klabu ikatangaza kwamba mkataba wa Dochan hautaongezwa. Maneno machache na picha yake ya zamani, basi. Jumamosi inayofuata ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani. Jioni hiyo kibandani kwa Yangpil hapakukalika.

"Mkurugenzi Seo hana moyo!" Yangpil alipiga meza. "Nahodha anaachwa, halafu yule mshambuliaji anayeanguka kila akiona nyasi anaongezewa mkataba!"

"Wangempa hata mwaka mmoja," mwingine akasema. "Akae benchi, awaelekeze watoto."

"Benchi la nini? Aanze!"

Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulimuudhi Chunbae kuliko maneno. "Sema basi," akaniambia, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumamosi. "Si ulitaka aachwe? Haya, furahi."

"Nilisema ameisha. Sikusema nafurahi."

"Wakimwacha yeye, wameniacha mimi mara ya pili," akasema. Hakuna aliyemtania.

Hapo ndipo walipoamua kupeleka mashada ya msiba. Siku hizi mashabiki wakichoshwa na klabu hupanga mashada mbele ya ofisi, yale marefu kupita mtu, maua meupe matupu, kana kwamba ndani kuna maiti. Kwenye utepe unaandika kilichokufa: dhamira ya uongozi, akili za mkurugenzi, chochote. Wenzetu wa Cheongha walishawahi kuwapa viongozi wao pole kwa kufiwa na hesabu. Mashabiki wetu waliagiza mashada kumi na mawili, na waagize wapi kama si kwangu? Kwa hiyo mimi niliyesema ameisha ndiye niliyeshinda Jumanne nzima nikimchomekea maua. Mume wangu alichukua tepe, brashi na wino akaenda kuandikia kibandani kwa Yangpil, asije akalazimika kunitazama.

Jumatano asubuhi na mapema walikuja na gari, wakapakia mashada, wakaenda kuyapanga uwanjani na kuyafunga tepe zao. Chunbae alirudi dukani akajimiminia chai ya shayiri, akaketi kifua mbele. Hata hajaifikisha nusu, mlango ukafunguka kwa kishindo.

Alikuwa mama yake Dochan. Ni mwanamke mfupi, anauza samaki wakavu sokoni, na kila asubuhi husukuma mkokoteni wake kupitia mbele ya uwanja. Alikuwa na mabuti yake ya mpira na aproni, samaki mmoja mkavu mkononi, na uso hauna hata tone la damu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, Mama?"

"Mwanangu! Mmemlaza wapi?"

Hakungoja jibu. Akaipiga meza yangu kwa samaki. "Nimeona mashada! Uwanja mzima umejaa mashada! 'Gwak Dochan, hatutakusahau.' 'Gwak Dochan, asante kwa yote.' Ametoka nyumbani kabla hakujakucha, simu haipatikani! Niambieni alipo nimwone!"

Niligeuka nikamtazama mume wangu. "Uliandika jina lake?"

"Niliandika tulivyojisikia."

"Utepe wa msiba unaandikwa jina la marehemu, wewe mwanamume! Miaka yote hii unaandika tepe!"

"Nilikuwa na uchungu!"

"Marehemu?" mama wa watu akasema, akapepesuka.

Nilimdaka, nikamketisha kwenye ndoo ya maua iliyopinduliwa. Chunbae alipiga magoti mbele yake. "Mama, yuko hai. Wallahi yuko hai. Kilichokufa ni mkataba. Klabu haitaki kumwongezea mkataba, basi sisi tukalalamika. Ni mkataba tu, Mama."

Mama Dochan alimtazama mpaka maneno yakamwingia. Kisha akanyanyua samaki. Samaki wetu mkavu haliwi mpaka umtwange kwa nyundo ya mbao, na huyu hakuwa ametwangwa. Alimpiga mume wangu begani, mgongoni, begani tena. "Mkataba! Nimekimbia na mabuti haya kwa ajili ya mkataba!"

"Piga, Mama," Chunbae akasema, hakujikinga hata kidogo. Mimi nami sikufanya haraka kuwaamua. Baada ya kununiwa siku zote zile, nilihesabu kwamba vipigo viwili vitatu vilikuwa vyangu.

Ndipo Dochan mwenyewe akatokea. Duka letu liko chini kidogo ya barabara, unaingia kwa kushuka ngazi. Mtu mrefu vile akasimama mlangoni, akashika fremu, akageuka, akashuka kinyumenyume kama anayeteremka darini. Niliona, nikashangaa. Mama yake alimkumbatia kiunoni, halafu akamwonjesha naye yule samaki.

"Nilikuwa hospitali, Mama. Wamenipiga picha za magoti, nikazima simu. Nimepita uwanjani nimejiona nimekufa." Akajaribu kucheka. "Shemeji, maua ni mazuri lakini."

Chunbae aliinuka. "Dochan, usijali. Hatumwachii Seo. Jumamosi tunamzomea mpaka—"

"Kaka, mwacheni Mkurugenzi Seo. Mimi ndiye niliyemwomba asiniongezee."

"Ulimwomba?" Chunbae akauliza.

"Mkataba wa mwaka mmoja alikuwa nao mezani," Dochan akasema. "Mimi ndiye niliyekataa. Nikamsihi atangaze kana kwamba wao ndio walioniacha, amekubali kutukanwa kwa ajili yangu. Nilishindwa kuja kukwambia, Kaka. Ningekutazamaje? Ulisimama kwenye mvua wakati hakuna aliyenitaka. Nitakuambiaje kwamba nimechoka, wakati wewe hujachoka?"

"Ninyi mnampenda Jumamosi," mama yake akasema. Sasa sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mimi namsikia kila siku asubuhi. Anashuka ngazi za nyumbani hivyohivyo, mgongo mbele, ameshika ukuta, taratibu, akidhani nimelala."

Nikakumbuka. Msimu mzima Dochan alikuwa wa mwisho kutoka uwanjani. Wenzake wakishateremka ngazi za kwenda vyumbani, yeye hubaki katikati ya nyasi akitupungia mkono mpaka jukwaa linabaki tupu, nasi tunaondoka tukiambiana, mwoneni mtu huyo, hataki kutuacha. Nilimtazama Chunbae, nikaona naye amefika hapohapo.

"Kumbe ulikuwa unasubiri tuondoke," akasema.

"Ndiyo, Kaka. Sikutaka mnione nikishuka."

Mume wangu alilia. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, na Dochan akamshika bega akalia naye. Mimi roho iliniuma, lakini wanaume wawili wakilia katikati ya ndoo zangu hakuna anayefanya kazi, kwa hiyo nikawauliza, "Sasa ukiacha mpira unafanya nini?"

"Mama anafungua duka lake," Dochan akajibu, akijifuta. "Mkokoteni sasa basi. Nitamkatia samaki, nimeketi."

"Vizuri. Wewe futa uso, karudishe mashada yangu yote," nikamwambia Chunbae.

Tulifanya kazi mchana kutwa. Tulichomoa maua meupe, tukachomeka mekundu, ya njano na ya waridi, kama yale yanayopelekwa watu wakifungua biashara. Chunbae alikaa na brashi mkononi muda mrefu. Mwishowe akauliza, bila kuinua macho, "Mama Eunsol, niandike nini?" Nikajua nimesamehewa.

"Andika kinachoandikwa duka likifunguliwa. Na hili moja mpelekee Mkurugenzi Seo, umwinamie mpaka kiuno kikuume."

Jumamosi mashada yalipangwa mbele ya jukwaa letu: Hongera kwa kufungua duka, wateja wajae. Mashabiki wageni wakauliza ni duka la nini. "La samaki wakavu," Yangpil akawajibu, "vipigo bure." Mashabiki wetu walishatangaziwa tu kwamba Dochan anaondoka kwa hiari yake. Habari ya magoti tulibaki nayo sisi wa dukani.

Aliingizwa dakika za mwisho, matokeo bila kwa bila. Ukapigwa mpira mrefu, mshambuliaji wao kijana akachomoka kama mshale. Dochan hakukimbia. Alikuwa ameshasimama pale mpira ulipokuwa unakuja kuangukia, akautuliza kifuani, akamrudishia kipa. Basi, hakuna zaidi. Nilijikuta nimesimama juu ya kiti.

"Mwongezeeni!" nilipiga kelele. "Mwaka mmoja tu! Seo, mwongezee mwaka mmoja!"

Chunbae alinivuta koti. "Mama Eunsol, kaa chini. Magoti."

"Najua! Mwongezeeni tu!" Nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Filimbi ya mwisho ikalia, wenzake wakateremka ngazi. Yeye akabaki katikati, kama kawaida yake, akatupungia. Akasubiri. Siku hiyo hakuna aliyeondoka. Alitutazama muda mrefu, halafu akatembea mpaka kwenye ngazi, akazipa mgongo, akashika reli, akaanza kushuka, uso wake umetuelekea sisi.

Jukwaa lilipagawa. "Mwoneni!" Yangpil alilia huku akiitwanga ngoma. "Hataki kutupa mgongo! Mtu anaondoka huku anatutazama!"

Hatukumsahihisha. Chunbae alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane, akawa anasema kwa sauti ndogo kila mguu wa Dochan uliposhuka: "Polepole. Polepole, mdogo wangu. Polepole." Akaendelea kusema hivyo mpaka kichwa cha Dochan kikazama ngazini.