Mkwe Wangu kwa Spidi ya Elfu Moja

Mimi ni mpiga picha wa watu waliotulia. Nalisema mapema ili msije mkanidhania makubwa. Studio yangu iko Soweto, Mbeya, kati ya saluni na mashine ya kusaga, na mle ndani nina pazia la bluu, kiti cha kuzunguka na sauti ya mamlaka. "Tulia. Kidevu chini. Usipumue." Watu wanatulia, hawapumui, nabonyeza, basi. Mabwana harusi, watoto wa kipaimara, wasafiri wanaotaka pasipoti, wote wamepita kwenye kiti kile na hakuna aliyewahi kunikimbia.

Isipokuwa mmoja: mkwe wangu Tumpe, mke wa mwanangu Lusekelo.

Tumpe amelelewa na bibi yake huko Rungwe, bibi wa zamani hasa. Na sisi Wanyakyusa wa zamani tulikuwa na jambo letu: mke wa mwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani, anaiacha njia. Hali naye, hamtazami. Siku hizi wengi wetu tumelegeza, hasa sisi wa mjini tunaojiona tumeendelea. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya ukoo mzima nikatangaza kwamba nyumbani kwangu mila hiyo imekufa na tumeshaizika. Watu wakapiga makofi. Tumpe alikuwa nyuma ya mlango akinisikiliza, na wala hakutoka.

Kwa hiyo nina picha za kila kichwa cha ukoo wetu isipokuwa hicho. Siku ya harusi yao nilikuwa baba wa bwana harusi, kamera akashika mtu mwingine. Tangu hapo kila nikiinua kamera naambulia mgongo, kitenge kilichofunika kichwa, au kisigino kinachopotelea mlangoni. Iliniuma, kusema kweli. Mpiga picha mzima, halafu mama wa mjukuu wangu sina sura yake!

Sasa, Tumpe ni mkimbiaji, na hapa simaanishi kunikimbia mimi. Anakimbia mbio za nyika. Wanaishi Iringa mjini, na kila alfajiri anateremka ule mlima wa kuingilia mjini hadi chini na kuupanda tena, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka jana kwenye mbio za kanda alikuwa wa nne, na wanaochukuliwa kwenda kambi ya taifa ni watatu tu. Mwaka huu mbio zikapangwa Igowole, kule Mufindi. Lusekelo akanipigia simu.

"Baba, Tumpe amesema akikosa tena anatundika viatu. Na mimi namjua, atavitundika kweli."

Baba mkwe mwenye akili angesema nitamwombea. Mimi, Anyitike, nikawaza hivi: mtu anayekimbia hawezi kujifunika kitenge.

"Nitakuja na kamera," nikasema.

"Bora uje na mama," akajibu.

Nikaamua kwenda na vyote viwili.

Kupiga picha za michezo ni elimu nyingine kabisa, na mwalimu wangu alikuwa ni simu. Kuna kijana mmoja humo anaongea haraka kama dalali, lakini anajua. Spidi ya shata, akasema, isipungue sehemu ya elfu moja ya sekunde, ndipo mguu utaganda hewani. Kukiwa na ukungu, pandisha ISO, kamera ione penye mwanga hafifu. Fokasi iwe ile inayomfuata mtu, si ile ya kumsubiri. Weka kamera ipige mfululizo. Piga magoti, mkimbiaji ataonekana mkubwa. Na kuliko yote: kaa mbele, upate uso. Picha ya michezo isiyo na uso, akasema, ni picha ya nguo zinazotembea. Nikaona kijana ananisema mimi na masaibu yangu.

Nikaazima lenzi ndefu ya Amos, rafiki yangu anayepiga picha za mpira. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama anayenipa mtoto nimpeleke kubatizwa. Halafu nikaanza mazoezi kwa kuku wa mke wangu Eveline. Siku ya kwanza nilipata mikia. Siku ya pili nikapata mahali ambapo jogoo alikuwa ametoka kupita. Niliendelea kumfukuza uani mpaka majirani wakatoa viti nje, na mwisho nikampata mzima mzima, jicho kali, manyoya hewani. Nikamkimbilia Eveline kumwonyesha.

"Umemkondesha," akasema, na kurudi kwenye mboga zake.

Tukaenda Iringa, tukalala kwa Lusekelo. Jioni ile ilikuwa kama kawaida yetu. Chakula alikileta Lusekelo, maji ya kunawa Lusekelo, na Tumpe alikuwa sauti tu nyuma ya pazia la jikoni, akimsalimia mama yake mkwe na kuulizia safari. Eveline akanitazama nikifuta lenzi.

"Kesho utasimama wapi?"

"Kona ya mwisho. Mbele, chini, usoni."

"Usoni kwa nani?"

"Kwa Tumpe! Kwa nani tena?"

"Baba Lusekelo, atakuwa amevaa kaptula."

"Wakimbiaji wote wanavaa kaptula."

"Wewe si baba mkwe wa wakimbiaji wote."

Nikamwambia michezo haina ukwe. Niliipenda sana sentensi hiyo, nikairudia mara mbili ili pazia nalo lisikie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee. Asiyesikia la mkewe hawakusema yanayompata, lakini mimi sasa naweza kuwaambia.

Igowole tuliikuta imezama kwenye ukungu. Baridi ile ya Mufindi inaingia mpaka kwenye meno. Chai kila upande, imepunguzwa juu ikawa sawasawa kama meza, na watu wamejaa barabarani na vikombe vyao vya chai ya rangi. Mbio za wanawake zilikuwa mizunguko miwili kupitia mashamba. Mwalimu Kasian, kocha wa Tumpe, akanishika mkono kwa furaha.

"Mzee, tunakutegemea. Nataka ile ya mwisho, wakikata kamba."

"Ondoa shaka," nikamjibu, na kifua nikakitoa.

Mzunguko wa kwanza nilisimama pembeni, katikati ya watu, kwa hiyo Tumpe hakuniona. Wakaja wote kwa kishindo. Nikabonyeza. Na kwa sababu mazoea yana tabu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipaa juu ya umati: "Tulieni!"

Jamani, watu walicheka. Kuna mama alimwaga chai yake.

Nikatazama nilichopata. Moshi mtupu. Kamera niliiacha kwenye mipango ya studio, shata ile ya mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha kuzunguka, na wasichana wote walikuwa wamepakazika kama siagi. Nikaweka elfu moja, nikapandisha ISO, nikaweka mfululizo. Halafu nikakimbia, mimi na kitambi changu, hadi kona ya mwisho.

Pale kuna njia nyembamba ya wachuma chai. Kulia chai, kushoto mtaro wa maji na chai nyingine. Mkimbiaji hana pa kupita ila hapo. Nikasema leo ndiyo leo, nikapiga magoti karibu katikati ya njia.

Wasichana wawili wa kwanza wakatokea kwenye ukungu, wakanikwepa, wakapita. Wa tatu alikuwa Tumpe. Nyuma yake, hatua chache, alikuwa Severina, binti wa hapo hapo Igowole, na kijiji kizima kinamshangilia.

Ndani ya lenzi nikauona uso. Kwa mara ya kwanza nikauona wote, paji linalong'aa jasho, midomo imebana, macho yako mbali kule kwenye kamba. Mwanangu ana mke mzuri, jamani. Nikabonyeza.

Ndipo macho yake yakanifikia mimi.

Mwendo ukakatika. Mkono ukaenda kichwani kutafuta kitenge, hakipo. Ukashuka kuivuta kaptula, nayo haina pa kuvutika. Akatazama kulia, chai. Akatazama kushoto, mtaro. Severina akampita. Na Tumpe akasimama. Alfajiri zote zile, ule mlima wote, na mwanamke anasimama mita mia chache kutoka mwisho kwa sababu njiani kuna baba mkwe.

Nilifahamu yote kwa mpigo, na aibu ikanishika mpaka masikioni. Mimi niliyeizika mila kwa hotuba sikuwa nimezika chochote. Nilikuwa nimempigia magoti mtoto wa watu katikati ya njia yake, nimemkuta hana nguo ya kujistiri, na nimemwelekezea lenzi ya Amos.

Kuinuka na kusogea pembeni? Pembeni hakuna. Kumgeuzia mgongo? Bado ningekuwa njiani. Nikajitupa mtaroni.

Nilizama kichwa kwanza, na kamera, na lenzi, na heshima yangu yote. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kusahaulisha jina. Nikalaza uso kwenye tope, nikapiga kelele: "Sipo! Pita, mwanangu! Sipo!"

Kidole kilikuwa bado kimeganda kwenye kitufe, kamera inalia tra-tra-tra kwenye matope. Nikasikia pumzi moja ndefu juu yangu, kisha viatu. Vikapita karibu na sikio langu kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia, tope likanirukia. Halafu umati ukalipuka kule mbele.

Sikuinua kichwa. Ningejuaje kama hajageuka? Wengine wakapita, mmoja mmoja. Msichana mmoja aliyelelewa vizuri akaniambia "Shikamoo" bila kupunguza mwendo. Nikaitikia marahaba kutoka mtaroni.

Mwisho nikaona viatu vya Eveline ukingoni.

"Inuka."

"Amekuwa wa ngapi?"

"Inuka kwanza, utapata nimonia."

"Mama Lusekelo, wa ngapi?"

Akainama, akanishika kwapani. "Wa tatu. Amemkuta Severina pale pale kwenye kamba. Kifua tu."

Nikalia. Tope lilinisaidia, halikuonyesha. Mwalimu Kasian naye akaja mbio, anacheka peke yake, anarukaruka.

"Mzee! Ile ya kwenye kamba umeipata?"

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi nilikuwa mtaroni."

Jioni, Iringa, nimevaa suruali ya Lusekelo isiyofunga kiunoni, nikakausha kamera mbele ya jiko la mkaa. Lenzi ya Amos ilikuwa na ukungu wake binafsi ndani, na sikutaka hata kuwaza nitamwambia nini. Lakini picha zilikuwepo. Chai. Anga. Tope. Tope tena. Kisha moja ikanishtua: soli mbili za viatu juu ya mtaro, zote mbili hewani, hazigusi ardhi, na matone ya tope yamezizunguka, kila tone peke yake. Elfu moja ya sekunde, kijana wa simu hakudanganya.

Nikarudi nyuma kidogo, nikaukuta uso.

Ulikuwa kamili. Macho makali, ukungu laini nyuma, mwanga umetulia, kila kitu nilichofundishwa na kila nilichokitamani tangu siku ya harusi. Na ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa, na anayeogopwa ni mimi. Nikampa Eveline aone. Akatazama, akanirudishia kamera.

Nikabonyeza kufuta. Kamera ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza tena.

Kisha nikampa Eveline kamera aipeleke jikoni, soli zile zikiwa kwenye kioo. Pazia likafunguka, likajifunga. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Halafu nikasikia kicheko, kikubwa, cha tumboni, kinaanza na kurudi tena kila kikitaka kuisha. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kumsikia Tumpe akicheka. Mimi na Lusekelo tukatazamana, na sisi tukaanza.

"Mama," sauti ikasema nyuma ya pazia, ikimwambia Eveline lakini kwa nguvu ya kutosha kunifikia, "mwambie baba nimemsikia aliposema hayupo."

"Amekusikia," akasema Eveline.

"Na mwambie kambini aje. Asimame nyuma ya mstari wa kuanzia. Mgongo wangu apige anavyotaka."

"Mwambie ndaga, asante sana," nikasema, nikimtazama Lusekelo kama mila inavyotaka, ingawa nyumba yenyewe ni vyumba viwili. "Mwambie nitakuja."

Picha ya soli iko studio sasa, nimeitundika ukutani, mkabala na pazia la bluu. Wateja wakikaa kwenye kiti wanaitazama.

"Huyu nani?"

"Mkwe wangu. Yuko kambi ya taifa."

"Mbona hana uso?"

"Anao," nawaambia. "Haya, tulia. Kidevu chini. Usipumue."