Nusu ya Aarre Iliyobaki

Tuovi alikuwa ameshamzika mwanawe Aarre, kule makaburini Kuopio, na theluji imeshamlalia mara mbili. Ila usingizi hakuupata. Kampuni inayotafuta dawa ya ule ugonjwa wa kurithi, uliomla mtoto taratibu kuanzia macho mpaka miguu, bado ilikuwa na kipande cha ngozi yake, na seli za ngozi ile zilikuwa hai, zinazaliana. Kwa Tuovi, kule makaburini alikuwa amezika nusu tu. Leo amekuja maabara ya kampuni kuchukua nusu iliyobaki, akaizike na mwenzake.

Marjut, mlezi wa seli, alimwekea kahawa na mkate mtamu wa iliki. Tuovi hakugusa.

"Ni haki yako, mama Aarre. Ukitaka, zinazimwa leo hii, uondoke nazo. Ila zitazame kwanza."

Akaweka kisahani cha seli chini ya hadubini. Tuovi akaona vitu vyembamba kama vidagaa, vimelala ubavu kwa ubavu, vinang'aa.

"Hawa wamepata dawa," Marjut akasema. "Wamepona."

"Wamepona." Tuovi alilitamka neno kama anaonja chumvi. "Kachelewa. Hata shuleni alikuwa hivyohivyo."

Marjut akacheka kidogo, akabadilisha kisahani. Humu vidagaa vilikuwa vimekunjamana, vimejaa madoa meusi.

"Na hawa?"

"Hawa hatuwapi dawa. Lazima tuwe na wa kulinganisha nao. Na kuna watoto wanaisubiri dawa."

"Yaani mnamwacha augue. Makusudi."

"Ndiyo, mama."

Kabati la joto linalotunza visahani lilikuwa likinguruma polepole pembeni. Tuovi akajua sasa ni yupi aliyekuwa akimwita usiku wote ule wa kukosa usingizi. Si yule aliyepona.

"Sikukuu nani anamlisha?"

"Mimi. Hata Krismasi. Mume wangu anasema nina mtoto wa nje."

"Mle ndani mna taa?"

"Hamna. Mwanga unawadhuru."

"Alikuwa anaogopa giza."

Tuovi akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

"Mwacheni abaki," akasema. "Ila ukimlisha, sema naye. Asidhani ni mgeni."

"Mimi huwa siongei nao, mama."

"Utazoea."

Akalisogelea kabati, akaweka kiganja mlangoni. Palikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa.

"Aarre," akasema, "huyu hapa ni shangazi Marjut."