Kitambaa cha Madhabahuni

Mgeni aligonga mlango Jumamosi mchana, shangazi Vestine akiwa hajavua hata sare ya kazini. Nilimchungulia dirishani: mwanamume wa makamo, koti limepigwa pasi vizuri, na nyuma yake gari lenye namba za New York. Alikuwa amekumbatia mfuko wa nailoni kama mtu aliyebeba mayai. Sisi hatukuwa na ndugu New York.

"Hodi hapa. Ni kwa ule mama anashonaka kitambaa ya kunyanyulia wagonjwa?"

Hapo hapo nikamtilia shaka. Nilitaka kumwuliza nani amemwelekeza, lakini kwetu, watu wa milima ya Kivu Kusini, Kongo, mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa kitu, na shangazi hajaiacha desturi hiyo hata hapa Louisville. Akamvutia kiti, akammiminia maziwa ya mgando ambayo huyagandisha mwenyewe kutoka kwenye dumu la dukani. Mgeni alikunywa taratibu. Macho yake hayakuwa kwenye kikombe. Yalikuwa kwenye cherehani ya pembeni, na kwenye kitambaa cha bluu kilicholala chini ya sindano.

Niliinuka, nikakichomoa kile kitambaa, nikakikunja, nikakikalia.

"Kamikazi!" shangazi alinikemea.

"Nimechoka kusimama, shangazi."

Kitambaa chenyewe hakikuwa cha kutazamwa mara mbili, kama hujui kazi yake. Shangazi anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku nzima anainua watu wazito kutoka kitandani na kuwaketisha vitini. Wenzake wengi wameharibika viuno. Yeye alikumbuka mambo mawili ya nyumbani: wanaume wanavyomteremsha mgonjwa mlimani kwenye machela, uzito ukiwa begani, na wanawake wanavyomfunga mtoto kwa mbeleko, uzito ukiwa nyongani. Akayaunganisha. Kitambaa chake kinapita chini ya mapaja ya mgonjwa na nyuma ya mgongo wake, kisha mkanda wake unavuka bega la anayeinua na kufungwa kwa fundo. Siku alipokijaribu mara ya kwanza, bibi mmoja aliyezoea kulia kila akiinuliwa alinyamaza, akauliza kama chai ipo.

Na kwa kuwa kilikuwa cha kwanza, shangazi alifanya ambalo kila mtu wa kanisani kwetu angelifanya. Alikipeleka kama limbuko. Mahindi ya kwanza, ndama wa kwanza, mshahara wa kwanza, vyote hupita madhabahuni. Oktoba ya mwaka jana, siku ya shukrani ya mavuno, alisimama mbele ya watu, akaeleza kinavyofanya kazi, akamfunga dada mmoja wa kwaya ili wote waone, akalia, kisha akakiweka mikononi mwa mgeni wetu wa siku hiyo, Mzee Sebineza kutoka Columbus, ambaye jamii yetu humheshimu kama baba. Ibada nzima ilirushwa mtandaoni. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Mwaka huu wa 2015, baada ya kumaliza chuo, nilihudhuria mafunzo ya bure ya wabunifu kwenye maktaba, ndipo nikaelewa tulichofanya. Mwalimu alisema uvumbuzi ukishaonyeshwa hadharani, nchi nyingi hazikupi tena haki ya kuulinda. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu siku ya kuuonyesha awe amepeleka ombi la hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiutengeneze wala kuuuza. Mwaka ukipita, basi. Na akitokea mwingine akakutangulia kupeleka ombi, kazi ya kuthibitisha kwamba aliuchukua kwako ni yako wewe. Nilirudi nyumbani nikihesabu miezi iliyobaki hadi Oktoba, na tangu siku hiyo kila aliyeuliza habari za kitambaa nilimwona mwizi.

Tulikuwa tumeanza kuhangaika. Mwanasheria mmoja wa kliniki ya bure ya chuo alikuwa akituandalia ombi, na yeye kwa kazi yake anabanwa kutunza siri. Wakati huohuo shangazi alikuwa amebadilisha fundo. Lile la zamani lilikuwa likikwama. Hili jipya linafunguka kwa mkono mmoja. Hakuwa amelipeleka hata kazini. Lilikuwa chini yangu, kwenye kile kitambaa cha bluu.

Mgeni alipomaliza maziwa alijifuta midomo. "Bon. Mama, mie naitwa Polycarpe Cikuru. Niko na atelye ya kushona kule Buffalo, ku Grant Street. Nimeendesha tangu giza."

"Karibu sana, papa Polycarpe. Pole na safari."

"Asante, mama. Donc, kitu moja tu. Ile fundo yako inafungukaka namna gani?"

Nilikikalia kitambaa vizuri zaidi. "Fundo gani?"

"Ya bega. Ile ya kwenye video inakwama. Mama hawezi kuwa anatumia ile mpaka leo."

"Umejuaje kwamba inakwama?"

Akanitazama. "Weye ni polisi, mtoto wangu?"

"Mimi ni mtoto wa kaka yake."

"Ah! Hiyo ni mubaya kupita polisi."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Simu ya mgeni ilikuwa imetetemeka mezani, na kabla hajaigeuza kifudifudi nilikuwa nimesoma jina: Mzee Sebineza.

"Anayekupigia tunamfahamu," nilisema.

Shangazi aliacha kucheka. Mgeni alifungua mfuko wake akatoa vitambaa vya kijani, vipya, vinanukia kiwanda. Mkanda wa kuvuka bega, mshono wa msalaba, fundo begani. Vilifanana na kile cha madhabahuni kama watoto wa tumbo moja.

"Muzee Sebineza aliniletea kimoja nikiige," alisema. "Aliniambia ni akili yake, Mungu alimuonyesha ndotoni. Nikashona. Juzi wife yangu akanionyesha video ya kanisa yenu. Namuona mama analia, anatoa kitambaa, muzee anapokea. Nikasema, Polycarpe, unashona kitu ya wizi."

"Labda kuna kutoelewana," shangazi alisema polepole. "Mzee ni mtu wa Mungu."

"Labda, mama. Lakini kuna duka moja ya vifaa vya wagonjwa kule Westerville, karibu na Columbus, inataka kununua kwake. Na kila kitambaa nashona anasema niweke jina yake ku lebo."

Nilimsikiliza, na kadiri maelezo yake yalivyonyooka ndivyo nilivyozidi kumwogopa. Mtu anayefanya kazi na mwizi anakuja kutuonya, na swali lake la kwanza ni fundo? Niliona picha nzima: kitambaa chao kinakwama, duka linalalamika, Sebineza amemtuma mshonaji wake kuchukua kilichobaki.

"Hatukuonyeshi fundo," nilimwambia.

"Usinionyeshe!" Alinyanyua mikono. "Mie ni mshonaji. Nikiliona, vidole vyangu vitalishona hata nikikataa. Niliuliza kwa sababu naogopa kuna mgonjwa atanaswa ndani ya kazi ya mikono yangu. Kama fundo mupya liko, inatosha."

"Na wewe unapata nini?"

"Kamikazi, basi," shangazi alisema.

"Mwache, mama. Anauliza vizuri." Aligeuza kofia yake magotini. "Kwaya zote za Wakongomani ku Columbus zinashonea kwangu sare. Muzee ndiye anasemaka zishonee wapi. Akijua nilikuja huku, nimekwisha. Donc mie sipati kitu. Naomba tu jina yangu isitoke."

Aliniangalia mimi, si shangazi. Labda alikwisha kuona ni nani kati yetu mwenye mdomo.

"Haitatoka," nilisema. "Nakuahidi."

Nilisema upesi, kama mtu anayetaka mgeni aondoke. Sikuwa nimemwamini. Alipokwenda nilisimama dirishani mpaka gari lake likapotea, nikingoja nimwone akimpigia Sebineza. Hakumpigia, na hata hilo nalo nikalitilia shaka.

Nilimpigia mwanasheria. Alitusikiliza kwa makini, akasema maneno ambayo nilimfasiria shangazi moja baada ya jingine. Kutoa kitambaa si kutoa uvumbuzi. Ukimpa mtu kitabu chako hujampa ruhusa ya kukichapa. Haki ya uvumbuzi huhama kwa maandishi yaliyotiwa sahihi, wala haihami kwa kuweka kitu mikononi mwa mtu. Na mvumbuzi ni yule ambaye wazo lilizaliwa kichwani mwake, hata kama yupo mwenye heshima kumzidi.

"Lakini nilimtolea Mungu," shangazi alisema.

"Mungu hajapeleka ombi, shangazi. Sebineza ndiye tunayemwogopa."

Mwanasheria alishauri tupeleke ombi letu kwanza, ugomvi baadaye. Alilituma Jumatatu, na fundo jipya likiwa ndani. Nilifurahi. Shangazi hakufurahi. Kwake, mzee hasemwi nyuma ya mgongo wake. Unakwenda kwake, unakula chakula chake, unamwambia usoni. Basi wiki iliyofuata, siku yake ya mapumziko, tukaenda Columbus.

Mzee Sebineza anaishi Whitehall, pembeni mwa Columbus, kwenye majengo ya kupanga ambako harufu ya sombe, kisamvu chetu, hukupokea ngazini. Alitupokea kwa furaha kubwa mno. Mkewe alileta ugali, samaki, chai. Aliomba sala ndefu kabla ya chakula, akamshukuru Mungu kwa kumleta "binti yetu Vestine", na katika sala yote sikusikia neno kitambaa. Nilikula huku nikiutazama mlango wa chumba cha nyuma, uliofungwa, nikifikiria kilichorundikwa humo.

Vyombo vilipoondolewa, shangazi alisema, "Mzee, nimesikia kitambaa changu kinashonwa."

Hakushtuka. "Kitambaa ulichokitoa."

"Nilikitoa."

"Kilichotolewa madhabahuni hakirudishwi, binti yangu. Nimekitunza. Faida itajenga kanisa. Nilikipelekea ombi serikalini tangu mwezi wa tano, ili wazungu wasituibie."

Mwezi wa tano. Alikuwa ametutangulia.

"Kwa jina la nani?" niliuliza.

"La mkuu wa familia. Kwani kwetu nyumba huandikwa kwa jina la nani?"

"Mzee, hapa si nyumba. Anaandikwa aliyevumbua. Ukiapa kwamba ni wewe na si wewe, hata ukiipata hataza itavunjwa, na uongo wa kiapo utabaki na jina lako. Video ipo. Watu waliomwona akishona wapo. Tutagombana miaka, lakini tutagombana."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, sinia mkononi. Kisha mzee akafanya nisilolitarajia: akalegea. Alionekana mzee kweli, mtu aliyechoka.

"Sitaki mahakama na watoto wangu," alisema. "Karatasi uliyokuja nayo iko wapi? Najua umekuja nayo."

Niliitoa. Ilikuwa ya mistari michache, ambayo mwanasheria alituandalia: kwamba Sebineza si mvumbuzi, na kama amepeleka ombi lolote, analiondoa. Akavaa miwani, akaisoma, akachukua kalamu.

"Naisaini leo. Hata mwenye duka la Westerville nampigia hapa hapa mbele yenu nimwambie aongee na Vestine. Ila jambo moja." Aliielekeza kalamu kwangu. "Video haisemi kwamba vitambaa vinashonwa. Nani aliwaambia?"

Alimtazama shangazi, kisha mimi.

"Ni mtu wa Grant Street?"

Nilitazama kikombe changu. Nilijua macho yangu yangesema. Na niliwaza: huenda yule mshonaji alitumwa kweli, huenda wamepanga wote wawili nijaribiwe hivi, na mimi naharibu riziki ya shangazi kwa ajili ya mtu nisiyemwamini hata sasa. Na kama alikuwa mkweli, yeye mwenyewe angekuwa shahidi wetu wa kwanza: aliambiwa ni ndoto, akapewa cha kuiga. Jina moja tu lingemaliza yote.

Ahadi ilikuwa yangu. Lakini kiuno kilikuwa cha shangazi, na mikono iliyoshona, na duka ambalo lingemtoa kwenye kazi ya kuinua watu. Niligeuka kumtazama. Sikuweza kuamua peke yangu kwa mgongo wa mtu mwingine.

Shangazi alikuwa akitazama kalamu. Kisha akauvuta mtandio wake begani.

"Mtoto alimwahidi mtu, mzee," alisema. "Mimi nilikuwapo."

"Basi nawe hutaki nisaini."

"Nataka sana."

Mzee Sebineza alinigeukia. Nami nikasema, kwa sauti ndogo lakini ikatoka, "Samahani, mzee. Jina sitalitaja."

Akafunika kalamu. Akanirudishia karatasi, tupu pale pa sahihi, na mkewe akauliza kama tutaongezwa chai. Shangazi akasema hapana, asante, samaki alikuwa mtamu, njia ya Louisville ni ndefu. Akamuaga mzee kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, akatangulia ngazini.