Kikao cha Walimu Saluni

Mtoto wa msusi alikuwa hatulii wiki nzima. Nyumbani walimwita Bosi, kwa sababu baba yake, fundi bomba, alisema hakuna mtu mwingine ambaye akiguna tu, watu wazima wawili husimama. Udenda ulimtiririka mpaka kifuani, na chochote kilichopita karibu na mdomo wake kilitafunwa: ukosi wa shati la baba, mkanda wa mkoba, hata sikio la paka, ambaye sasa alikuwa amehamia kwa jirani.

"Meno hayo," mama mkwe alisema kwenye simu.

"Tumbo hilo," alisema jirani.

Nesi wa kliniki alimpima, akaona hana homa na masikio ni mazima. Huenda ni meno, alisema, na huenda siyo. Mama ampe kitu safi cha baridi atafune, na avumilie. Kile cha baridi Bosi alikitupa chini. Likabaki la kuvumilia.

Ijumaa saluni ilijaa. Katikati ya wateja aliketi Mwalimu Mkuu, mwanamke aliyemfundisha msusi huyo tangu hajui kufunga kamba za viatu. Mpaka leo msusi akimwona hutema ubani kwanza ndipo aamkie.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisuke upesi, nina kikao na walimu wangu alasiri hii."

Alikuwa amesukwa nusu ya kichwa Bosi alipoanza kulia, mgongoni kwa mama yake, karibu kabisa na sikio la mwalimu. Wateja wakampokezana. Mmoja akamrusha juu, mwingine akamwimbia, wa tatu, ambaye nywele zake zilikwisha kukauka zamani, akarudisha kichwa ndani ya mashine ya kukaushia ili asisikie.

"Mlete hapa," alisema Mwalimu Mkuu, huku akinawa mikono. "Ninanyamazisha shule nzima, sembuse huyu."

Alimpakata, akamkazia lile jicho linalowafanya wanafunzi wachomekee mashati. Bosi alimtazama, akavuta pumzi, akalia maradufu. Mwalimu Mkuu akainua kidole kumwonya. Bosi akakidaka, akakitia mdomoni, akaanza kukitafuna kwa bidii ya mtu aliyelipwa.

Kilio kikakatika.

Alipojaribu kukitoa, kilio kikarudi. Alipokirudisha, kikakoma. Msusi alipogusa nywele, kichwa kilitikisika, mkono ukatikisika, na Bosi akakunja uso.

"Acha kwanza," alinong'ona Mwalimu Mkuu. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umelala kwa mistari, wa pili umesimama kama uliopata habari mbaya. Akampigia msaidizi wake simu.

"Mbona unanong'ona, mwalimu? Umetekwa?"

"Kwa namna fulani. Lete walimu saluni."

Walikuja wakaketi walipopata, wengine chini ya mashine za kukaushia. Hakuna aliyethubutu kutazama nywele za bosi wao, kwa hiyo wote walitazama dari. Ajenda ilikuwa ile ile ya kila mwezi: ugomvi wa mwalimu wa michezo, ambaye mipira yake huangukia kabichi za shule, na mwalimu wa bustani. Kwa kawaida wawili hao walisikika mpaka barabarani.

Mwalimu wa michezo alifungua kinywa. Mwalimu Mkuu akamwonyesha mtoto kwa kidevu. Kinywa kikafungwa.

Mwalimu wa bustani akainama, akanong'ona kwa uchungu wote alionao, "Kabichi."

Mwenzake akasikia "karibu".

"Asante," akajibu, kwa upole.

Mwalimu wa bustani alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Alikaa, akatafuta hasira yake, hakuiona. Mwishowe akasema, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba labda nyavu kuukuu za magoli zingefaa kuzungushia bustani. Mwenzake akasema ziko stoo, atazileta mwenyewe. Hoja ikapita kwa kunyoosha mikono. Wateja wawili nao walinyoosha.

Walimu walipoondoka kwa kunyata, Bosi alikuwa amelala fofofo, na kidole kikatoka chenyewe, kimekunjamana kama kilichofua nguo kutwa.

"Umelihisi jino, mwalimu?" aliuliza msusi.

"Nimehisi ufizi mgumu kama mzazi anayedai mwanawe anaonewa bure. Jino sikulihisi. Haya, malizia kichwa."

Jioni fundi bomba alikuja kuwachukua. Aliposikia yaliyotokea alicheka mpaka akaegemea mlango, mlango ukagonga ukuta, na Bosi akafumbua jicho moja. Mkewe alimkabidhi mtoto tu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha miguu.

Jino lilitokeza wiki iliyofuata, dogo kama punje ya mchele. Nyumba ilitulia siku moja nzima, hata paka akarudi kuchungulia. Kesho yake la pili likaanza safari.